Mbegu zako hazikufia kwenye viriba, zilifia juu ya bati

Msomaji mmoja anayejenga Kibada, Kigamboni, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Mwezi wa kwanza niliokota mbegu kama 200 za zile pamu ndefu zenye shina jeupe, mbele ya geti la hoteli moja. Nilizianika juu ya bati wiki 3 zikauke vizuri, nikazifungia kwenye kopo. Mwezi wa tatu mvua za masika zilipoanza nikazipanda kwenye viriba. Leo ni mwezi wa saba, namwagilia asubuhi na jioni, na hakuna hata moja iliyochomoza. Shida yangu ni miche 12 ya kupanda kandokando ya njia ya kuingilia nyumbani; ikizidi nitauza. Nina pia makokwa ya tende za Ramadhani, na mbegu 3 za mvumo ambazo mjomba kaniletea kutoka Rufiji. Je, niliokota mbegu mbovu? Na hizi nyingine nizifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Mbegu ulizookota zilikuwa nzima, tena huenda zilikuwa nzuri sana, maana miti ile ya mahotelini mingi imekomaa na inazaa vizuri. Zilikufa katika zile wiki 3 za kuanikwa. Ulipozitia kwenye viriba ulikuwa unazika, na maji yote uliyomwaga tangu Machi yamekwenda kwa kitu kisichokuwa na uhai tena. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu naona watu wengi wanaolipia kosa hili mara ya pili: wanabadilisha udongo, wananunua mbolea, wanaambiwa na jirani waziloweke kwenye maji ya moto, kumbe mambo yaliharibika kabla hata hawajashika jembe.

Na kosa lenyewe si la uvivu, ni la malezi. Sisi tumekuzwa na mahindi, mpunga na kunde. Bibi zetu walituonyesha mbegu ikianikwa mpaka ukiing'ata inalia, kisha inachanganywa na majivu na kutundikwa darini juu ya moshi wa jiko hadi mvua zijazo. Mahindi yameumbwa hivyo: punje inakubali kupoteza karibu maji yake yote, inalala, na ikipata unyevu inaamka. Mbegu ya pamu yako haina usingizi wa namna hiyo. Kwa tabia iko karibu zaidi na kokwa la embe au mbegu ya fenesi. Nani amewahi kuanika mbegu za fenesi akazipanda mwaka uliofuata? Inatoka kwenye tunda ikiwa na maji mwilini, na maji yale yakipungua kupita kiasi kiini kinakufa, wala hakirudi hata ukiiloweka mwezi mzima. Sasa bati la Dar es Salaam la mwezi wa kwanza, saa saba mchana, hata kiganja huwezi kuliwekea. Siku chache tu zingetosha kuzimaliza. Wewe ulizipa 21.

Usiniamini kwa maneno tu. Kama zimebaki mbegu koponi, chukua 5, uzishike kwa koleo moja moja na kuzikata katikati kwa kisu kikali. Mbegu iliyo hai ndani ni nyeupe, ngumu, na nyama yake imejaa mpaka kwenye ganda bila kuacha nafasi. Pembeni, karibu na kovu dogo la duara linaloonekana hata kwa nje, utakuta kijitundu chenye kiini kidogo kama punje ya ulezi. Kiini hai kina rangi ya maziwa, kinang'aa, na ukikigusa kwa ncha ya sindano kinatoka kizima. Kiini kilichokufa ni cha kahawia, kimenywea, kinacheza ndani ya kitundu chake, au huoni kitu kabisa isipokuwa vumbi. Naamini hicho ndicho utakachokiona. Kisha fukua viriba 5 uzikate na zile zilizomo, ili roho itulie na viriba vipate kazi nyingine.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kisu. Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilipewa ndoo ya mbegu za areka, pamu nyingine ya bustani, zilizotoka kuoshwa, nikaambiwa nizitunze mpaka mchanga uletwe. Nikaziweka kwenye friji ya vinywaji, nikiona natunza vizuri. Zilikaa humo wiki 2. Hatukupata mche hata mmoja. Mzee aliyekuwa akituongoza hakunigombeza. Alinikalisha chini ya mwembe na ndoo ile, akanipa kisu, akaniambia nikate mbegu 100 nimweleze ninachoona. Nilipofika ya 20 nilikuwa nimeshaelewa. Areka asili yake ni Madagaska, haijui baridi ya friji, kama isivyojua ukame wa bati. Tangu siku ile sijaacha mbegu ya pamu ilale pasipo unyevu wala pasipo joto.

Nimekuwa nikisema pamu, na niseme kwa nini. Kiswahili kina jina la kila mti wa ukoo huu tulioishi nao: mnazi, mvumo, mkoma, mkindu, mwale, mpopoo, mchikichi, mtende. Jina la ukoo mzima ndilo hatujakubaliana, kwa hiyo ukipita kwenye bustani za miche barabara ya Bagamoyo utasikia wote wanasema pamu, na mimi nawafuata. Ile yako wanaiita roya, kitaalamu Roystonea regia. Kwao ni Kuba, visiwa vya jirani na kusini mwa Florida. Shina lake laini la kijivujeupe, kama nguzo iliyopigwa lipu, ndilo linalowapendeza watu wa mahoteli.

Kabla sijakuambia namna ya kuanza upya, nataka uingie jikoni. Tafuta nazi iliyoota. Sokoni hazikosekani, muulize tu muuza nazi ile aliyoiweka kando. Ipasue. Ndani utakuta joya, lile donge jeupe lenye matundu kama sifongo, lenye utamu wa mbali, ambalo watoto wa pwani tuligombania. Watu wengi wanalila bila kujiuliza ni nini. Joya ndilo kinywa cha mche. Linaanza kama kichuchu chini ya lile jicho moja laini kati ya macho 3 ya nazi, linavimba, linakunywa maji, linajaza kifuu, kisha linaigeuza nyama ya nazi kuwa chakula na kukipeleka kwa chipukizi na mizizi. Mche wa mnazi unaweza kuishi miezi mingi kwa akiba hiyo.

Nakupeleka kwenye nazi kwa sababu kila mbegu ya pamu ina joya lake. Hata ya roya, ambayo ni ndogo kuliko punje ya karanga, ndani yake kuna kijijoya kinachofanya kazi ileile. Ukilijua hilo utaelewa mambo mengi bila kuambiwa. Utaelewa kwa nini juu ya udongo kunakaa kimya wiki nyingi huku chini kazi inaendelea. Utaelewa kwa nini mbegu iliyokauka haiwezi kusaidiwa: joya halina cha kunywa wala mwenye kunywa. Na utaelewa kwa nini ukihamisha mche hutakiwi kuibandua mbegu inayoning'inia ubavuni mwake, hata kama inaonekana kama ganda tupu. Ukiibandua umemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati.

Jambo jingine moja ulijue kabla ya vitendo. Pamu zina namna 2 za kuota. Mnazi, roya, areka na mchikichi huotea palepale: chipukizi na mzizi vinatokea ubavuni mwa mbegu, ukitazama unaviona. Mtende, mkindu, mkoma na mvumo huhama: kokwa linatoa mkia mweupe unaozama ardhini, na mche unazaliwa kwenye ncha ya mkia huo, mbali na kokwa. Mbegu zako za aina 3 ziko kwenye kambi hizi 2, ndiyo maana jibu la roya si jibu la tende wala la mvumo.

Tuanze na roya. Sasa ni Julai, kusi inavuma, na usiku wa Dar unashuka mpaka nyuzi 19 au 20. Mbegu hizi hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, na karibu na 30 ndipo zinapochangamka. Ukisia sasa zitaota, ila zitachelewa na baadhi zitaoza zikisubiri. Mimi ningengoja Oktoba, vuli ikinukia, nikasia kati ya hapo na Februari. Joto ambalo watu wa Ulaya wanalinunua kwa umeme, sisi Mungu katupa bure miezi ile.

Rudi kwenye hoteli yako, lakini safari hii usiokote chini. Zilizo chini hujui zimelala pale siku ngapi, na nyingi zimeshatobolewa na wadudu. Zungumza na mtunza bustani kwa adabu, mwambie unataka kichala kilichoiva. Tunda la roya linaanza kijani, linapita kwenye wekundu, na likiiva sawasawa linakuwa jeusi la zambarau, kama zambarau ndogo. Likifika hapo ukilibana linateleza kutoka kwenye kikonyo chake. Atandike turubai, akikate kichala, nawe uzichukue siku hiyohiyo. Usiziache ndani ya gari lililofungwa ukaenda sokoni. Gari lililoegeshwa juani ni bati jingine.

Nyama ya tunda lazima itoke yote, kwa kuwa ina vitu vinavyozuia mbegu kuota na pia inaita ukungu. Loweka matunda kwenye ndoo siku 2 au 3, ukibadilisha maji kila siku. Yakilainika yatie kwenye kiroba pamoja na mchanga mkavu kidogo, uyasugue kama unavyosugua dagaa, kisha usuuze mpaka maji yawe meupe. Vaa glavu. Maji ya matunda ya pamu kadhaa yana vichembe vikali mithili ya sindano visivyoonekana kwa macho. Mkono unawasha usiku mzima, na ukijishika jicho utajuta. Baada ya kusuuza, zinazoelea zitupe, nyingi huwa tupu. (Kipimo hiki usikitumie kwa nazi, nazi yoyote nzima inaelea.) Zilizozama ziloweke tena usiku mmoja kwenye maji safi, na kesho yake uzisie. Kama kuna sababu ya kuchelewa, zifunge kwenye kopo lenye unga wa makumbi uliolowa kidogo, uliweke ndani ya nyumba kivulini. Siyo juani, na siyo kwenye friji.

Usirudie kusia kwenye viriba moja kwa moja. Kwa miche 12 ya uhakika ungesia mbegu 60, na viriba 60 vinavyonyweshwa miezi 3 bila kujua vipi vina kitu ni mateso. Tumia beseni moja pana lenye kina cha sentimita 15 au zaidi, ulitoboe matundu mengi chini. Mchanganyiko ninaoupenda ni nusu mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, nusu unga wa makumbi ya nazi. Unga huo ukiununua ukanda huu wa pwani uoshe kwanza mara 2 au 3, mara nyingi una chumvi. Samadi usitie hata kiganja kimoja wakati huu. Mbegu ina chakula chake, na samadi italeta ukungu tu. Zilaze mbegu ubavu, zisigusane, uzifunike kwa sentimita 1 hivi.

Sasa maji, na hapa ndipo penye kosa lako la pili, ambalo lingeziua hata kama lile la kwanza lisingekuwapo. Asubuhi na jioni, katikati ya masika, kwenye kiriba! Mbegu inayoota inapumua. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mbegu isiyopata hewa inaoza. Kipimo ni kiganja: chukua mchanganyiko, ukamue kwa nguvu. Likidondoka tone 1 au 2, ni sawa. Yakichuruzika, yamezidi. Usipoona tone wala kiganja kisilowe, yamepungua. Beseni likiwa chini ya makuti au neti ya kivuli, huenda ukamwagilia mara 2 tu kwa wiki. Kinachotakiwa ni unyevu uleule kila siku, usiopanda wala kushuka. Mbegu inayokaushwa leo na kugharikishwa kesho haijui ishike lipi.

Kuhusu hayo maji, Kigamboni visima vingi vina chumvi. Onja. Ukisikia chumvi ulimini usiyatumie kwa miche midogo ya roya. Kinga ya mvua ukiweza, au changanya na ya bomba. Mnazi na mtende huvumilia chumvi kuliko wenzao, lakini hata hao hawahitaji chumvi ili waote, ingawa wazee wetu wengine waliitia kwenye mashimo ya minazi.

Andika tarehe kwa penseli kwenye kipande cha plastiki ukichomeke kwenye beseni. Nalisisitiza hili kwa sababu moyo utakudanganya. Roya nyingi huanza kuonekana kati ya miezi 2 na 3, na nyingine zinajitokeza mwezi wa 5 au wa 6. Katika ukoo huu si ajabu mbegu za kichala kimoja, zilizosiwa siku moja, kupishana miezi 4. Nimeshaona mabeseni yakimwagwa jalalani huku mbegu zikiwa zimechanua vijino vyeupe kwa ndani. Weka wavu juu kuzuia panya, maana wao wanajua mbegu hai ni ipi kuliko sisi, kisha uendelee na shughuli zako.

Jani la kwanza la roya linafanana na unyasi mpana, wala halitakukumbusha mti uliouona hotelini. Likifika urefu wa kidole uhamishe mche kwenye kiriba kirefu, cha sentimita 30 kwenda chini. Ingiza kijiti kwa chini uunyanyue na mchanga wake, usiuvute kwa jani. Uketi kwenye kina kilekile ulichokuwa nacho. Ukizikwa shingo unaoza. Hapa sasa samadi inaingia: udongo wa juu ndoo 3, mchanga ndoo 2, samadi iliyooza kabisa ndoo 1. Lile lundo la samadi usiliache wazi karibu na miti, hasa kama una minazi. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, hutaga humo, funza wake wanene wanakulia humo, na dume na jike wakishaota mbawa wanakwenda kutoboa moyo wa mnazi wako. Ukiligeuza lundo kila baada ya wiki chache kuku watakusaidia kuwamaliza.

Kichanga cha Kigamboni kinapitisha maji vizuri ila hakishiki chakula. Majani ya chini yakianza kuwa na madoa ya njano na rangi ya chungwa yanayopenya mwanga, mche unalilia potasiamu; kingo zikiwa njano pana na katikati kijani, unalilia magnesiamu. Usiyakate majani hayo kwa ajili ya urembo, mche bado unavuta chakula kutoka humo. Ongeza mboji, tandaza nyasi, na utie mbolea ya NPK kidogo kidogo mara kwa mara kuliko konzi moja kubwa.

Ukisia Oktoba hii, miche itakuwa tayari kwa ardhi kwenye masika ya mwaka wa pili. Kabla ya kuchimba mashimo tazama juu. Roya hupita mita 20, na kuti lake la mita 3 au 4 likidondoka ni zito, linaweza kuvunja kioo cha gari na kumuumiza mtu. Kama waya za TANESCO zinapita juu ya njia yako, nakuomba usiipande. Weka mpapindi badala yake. Ni pamu ya kwetu kabisa: kwa asili inapatikana Pemba peke yake, na msitu wa Ngezi ndio unaojulikana kwayo. Inatoa mashina kadhaa kwa pamoja, ina mistari mizuri ya pete na matunda mekundu, na haifiki urefu wa roya. Mbegu zake zinatendewa kama nilivyoeleza. Tafuta kwa mwenye mti uliopandwa bustanini, si kwa mtu anayekwenda kuokota msituni, kwa sababu mbegu za msitu ule ndizo kesho ya mti huo duniani.

Makokwa ya tende ni habari nyingine kabisa. Mtende ni mwana wa jangwa. Kokwa lake limezoea kukauka. Mwaka 2005 wataalamu wa Israeli waliotesha kokwa la tende la miaka kama 2,000 lililofukuliwa kwenye ngome ya Masada, likaota likawa mti. Yako ya Ramadhani ni mtoto mchanga mbele ya hilo. Yaoshe sukari yote, loweka siku 2, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo la aiskrimu, yaweke mahali pa joto. Ndani ya wiki 3 hadi 8 utaona mkia mweupe. Huo ndio mkia unaohama niliokueleza, kwa hiyo utazame chini unapolilaza kokwa kwenye kiriba kirefu, na usishangae jani likichomoza kando, si juu ya kokwa.

Lakini ule mti wa Masada ulitoka dume. Mitende ina dume na jike, na ukipanda makokwa 10 tegemea karibu nusu kuwa madume, na hutawatambua mpaka watoe maua baada ya miaka kadhaa. Majike nayo hayatazaa tende kama ile uliyokula. Wakulima wa tende hupanda machipukizi yanayokatwa ubavuni mwa mama, au miche ya maabara, ili wapate aina ileile. Juu ya yote, tende inataka hewa kavu inapoiva, na Dar hunyeshewa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka na jasho halikauki mwilini. Matunda yatapasuka na kuchacha juu ya mti. Kwa hiyo panda mitende yako kwa kivuli, kwa sura, kwa kumbukumbu ya mfungo ule. Usimuuzie mtu mche wa kokwa ukimwambia atavuna tende Kigamboni. Ukitaka cha kuuza katika ukoo huohuo, otesha mkindu: ni ndugu wa mtende, ni wa hapa, anapenda mahali penye unyevu, na wasusi wa mikeka wanauhitaji ukindu wake.

Nimeacha mvumo mwisho kwa kuwa ndio unaonigusa zaidi, na ndio wenye haraka. Tunda moja la mvumo aghalabu hubeba mbegu 3, kwa hiyo nadhani mjomba kakuletea tunda zima lililobanduliwa. Huko Rufiji tembo wanayala matunda hayo na kuzitawanya mbegu na samadi yao, ndiyo maana mivumo inasimama makundi makundi kandokando ya mto na mabwawa. Mti huu hauoteshwi kwenye kiriba. Mkia wake unashuka nusu mita na zaidi kabla mche haujafikiria kutoa jani. Ukifika chini ya kiriba unajikunja na mche unaharibika. Ndipo watu wanaposema mvumo una laana, haukubali kuhamishwa. Hauna laana, una mzizi uliotangulia.

Mbegu hizo zisisubiri Oktoba kama roya, kila siku inayopita zinakauka. Chagua mahali utakapouacha mti miaka mia, angalau mita 8 kutoka kwenye nyumba, karo na ukuta wa jirani, ambapo maji hayatuami. Chimba mashimo 3 ya kina cha mita 1, uyarudishie udongo uleule uliolainishwa bila mawe, ushindilie kwa mguu tu. Loweka mbegu kuanzia leo jioni siku 3, ukibadilisha maji. Kisha zilaze ubavu, kila moja kwenye shimo lake, uzifunike kwa sentimita 5, utandaze nyasi na kuchomeka vigingi 3 vya kuonekana, ili fundi asije akamwaga kokoto juu yake. Zikiota zote, omba upate jike na dume, maana nayo imegawanyika kama mitende. Mwagilia mara 1 kwa wiki kusipokuwa na mvua. Pengine utaona kitu baada ya miezi 3, pengine 6: jani moja gumu, limekunjwa mikunjo kama upepeo uliofungwa, limechomoza kando kidogo ya ulipodhani mbegu ipo. Kabla ya hapo usifukue kutazama.